Siku Niliyomwandika Baba Marehemu

Nimeaibika leo, tena mbele ya baba yangu mzazi. Naandika haya nikiwa nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Majimbo, nimejifungia jikoni, kwa sababu sebuleni yuko yeye.

Niwaeleze wale msiojua. Baba ana mashua kule bwawani, Mbeere. Zaidi ya miaka thelathini amevusha walimu, mbuzi, magunia ya ndengu, hata maharusi. Mashua hiyo ndiyo iliyonisomesha. Lakini macho yake yameisha. Mwezi uliopita aligonga kisiki kilichokuwa wazi kabisa juu ya maji, na mama mmoja akaanguka pamoja na kuku wake. Mama alitolewa. Kuku hawakuonekana tena.

Tukaketi kama familia, tukamwambia imetosha, binamu yangu ataiendesha. Hakubisha. Alisema tu, "Basi iandikwe jina la Njeru." Njeru ni mimi, kifungua mimba, mwalimu wa Kiingereza. (Kasia sijawahi kushika. Hata kuogelea sijui.)

Leo asubuhi nikampokea stendi, tukaenda ofisi ya uvuvi. Cheti cha usajili wa mashua kilikuwa ndani ya bahasha, na bahasha ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayebeba uji wa moto.

Tukapewa fomu ya kurasa tatu, Kiingereza kitupu. Baba akauliza imeandikwa nini.

"Niachie mimi, Baba," nikamwambia. "Hii ni kazi ya watu waliosoma."

(Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.)

Nikamketisha kwenye benchi, nikaanza kujaza: jina langu, kazi yangu. Palipoulizwa sababu ya kubadilisha mwenye chombo, kulikuwa na kuuza, zawadi na urithi. Nikatia alama kwenye urithi. Mtoto wa kwanza kuachiwa mashua na babake, kama si urithi ni nini? Mbele kidogo kulikuwa na nafasi ya tarehe. Nikaandika ya leo. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo, sikuyasoma. Na ni mimi kila muhula huwaambia watoto, someni swali mara mbili.

Nikapanga foleni. Msichana wa dirishani akaipitia fomu, kisha akavua miwani.

"Pole sana, mwalimu."

Nilidhani ananipa pole ya foleni. "Asante," nikajibu. "Tumezoea."

Akanitazama. "Mmezoea?" Akashusha sauti, lakini chumba ni kidogo. "Amefariki leo?"

"Nani?"

"Mzee Ireri, mwenye mashua. Hapa ni tarehe ya kifo, na umeandika leo."

Mwanamume aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Mwili haujapoa, na huyu amefika kuchukua mashua."

Msichana akaelekeza kalamu kwenye benchi. "Na yule mzee uliyekuja naye, ni shahidi?"

Baba akainuka polepole, mkono ukitafuta ukuta.

"Hapana, msichana wangu," akasema. "Mimi ndiye marehemu."

Watu walicheka. Askari wa mlangoni alitoka nje ili acheke vizuri. Hata mimi nilicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeanguka barabarani. Baba hakucheka. Alikuja hadi dirishani, akaniambia kwa Kimbeere nimsomee nilichoandika. Nikamsomea, neno kwa neno, na foleni ikisikiliza.

"Mlikubaliana huko nyumbani," akauliza, "ama ni wewe peke yako?"

"Ni makosa, Baba. Sikusoma vizuri."

"Na si ni kazi ya watu waliosoma?"

Hapo hakuna aliyecheka tena.

Msichana akachana ile fomu, akachukua nyingine. Safari hii hakunipa mimi. Alimsomea Baba mwenyewe kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Walipofika kwenye sababu, Baba akamkatiza.

"Hiyo zawadi, inatolewa na mtu aliye hai?"

"Lazima awe hai, mzee."

"Andika hiyo."

Ikabaki sahihi. Nikaushika mkono wake nimwonyeshe mstari ulipo. Akauondoa mkono wangu, akatia sahihi mwenyewe. Jina lilianzia kwenye mstari, likaishia juu ya meza. Msichana hakumwambia arudie. Akapiga muhuri, akasema afisa atakuja bwawani kukagua mashua, ndipo cheti chenye jina langu kitoke. Kile cha zamani akakitia kwenye faili.

Baba alibaki ameunyosha mkono dirishani, akisubiri.

"Hicho hakirudi, mzee," msichana akamwambia taratibu.

Baba akaikunja bahasha tupu mara mbili, akaitia mfukoni.

Tulipofika kwangu, Mama akampigia simu kuuliza mambo yameendaje. Nilimsikia Baba kutoka mlangoni. "Vizuri tu. Nilikufa asubuhi, saa sita nikawa nimefufuka. Muulize mwalimu." Tangu hapo Mama amenipigia mara tatu. Sijashika.

Mkitaka kucheka, chekeni huko kwenu. Hapa ukuta ni mwembamba, na mzee bado hajagusa chakula.