Ombi la Kuajiriwa Upya Nikiwa Mashine

Kwa Ndugu Meneja wa kiwanda chetu cha mikate,

Salamu kwako na kwa kiyoyozi chako. Mimi ni yule mkandaji wa zamu ya asubuhi aliyeliwa vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine ya kukandia unga. Najitambulisha kwa vidole kwa sababu jina langu hujawahi kuliuliza.

Nimeletewa karatasi nitie sahihi kwamba nilizembea. Nikisaini, sina fidia. Nisiposaini, sina kazi. Kabla sijachagua shimo la kutumbukia, naomba uyasikie malalamiko yangu.

1. Siku ya ajali, wa kwanza kupigiwa simu alikuwa fundi. Akaletwa kwa teksi ya kampuni. Mimi nilipelekwa hospitali kwa pikipiki ya kusambazia mikate, nimebanwa na makreti, na njiani tukapitia maduka kwanza kwa kuwa wateja walikuwa wanasubiri. Dereva simlaumu, ndivyo alivyoagizwa.

2. Mashine yenyewe, ambayo sisi tunaiita Mama Mkwe kwa kuwa ukimkaribia lazima ukae kwa adabu, alipewa mapumziko ya wiki nzima. Akapakwa grisi, akafunikwa turubai, msimamizi akakataza asiguswe. Mimi kesho yake nilipigiwa simu kuulizwa mbona sijaripoti, na kama mkono wa kushoto nao unauma.

3. Nati yake moja ilidondoka. Zamu nzima ilipiga magoti na tochi kuitafuta chini ya meza, ikapatikana, mkashangilia. Vidole vyangu hakuvitafuta mtu. Mikate ya siku hiyo ilikwenda madukani kama kawaida, na nasikia hakuna mteja aliyelalamika. Naachia hapo hapo, maana mke wangu anayeniandikia barua hii ameshaanza kusikia kichefuchefu.

4. Barua ya onyo inasema niliharibu mali ya kampuni kwa "kuingiza kitu kisichoruhusiwa ndani ya mashine." Jamani! Kitu chenyewe ni mkono wangu, mliouajiri wenyewe! Na kifuniko cha kuuzuia usiingie kiko ofisini kwako, nyuma ya mlango, kinang'aa, kwa sababu msimamizi anasema kinachelewesha kazi. Kwetu kifuniko ni kama vyombo vya wageni: mkaguzi akija kinafungwa, akishapanda gari lake kinarudishwa kwako.

5. Mama Mkwe ana bima. Mimi nina pole.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, naomba kwa heshima zote niajiriwe upya nikiwa mashine. Niandikwe nambari mgongoni, nipakwe grisi, nifunikwe turubai nikichoka, na nikivunjika kidogo tu wewe mwenyewe utoke mbio ofisini umeshika kichwa, kama ulivyomlilia yeye. Chakula kisikutie wasiwasi, nitazoea umeme. Mke wangu hana pingamizi la kuishi na mashine. Anasema tofauti haitakuwa kubwa, kwani miaka yote hii mmekuwa mkinirudisha nyumbani nimeshazimwa.

Nakutakia afya njema na vidole kumi. Nisalimie msimamizi, fundi, karani aliyeniandikia onyo kwa ufasaha mkubwa, na wote wanaokula mikate yetu.

Wako mtiifu, kwa mkono wa mke wangu,
Mkandaji wa zamu ya asubuhi

Baada ya sahihi: Hatujaifunga bahasha, mwenzangu wa zamu amepita kutuambia kwamba leo Mama Mkwe amekatika mhimili. Fundi ametikisa kichwa, basi. Kabla ya chakula cha mchana Mama Mkwe ameshatupwa kwenye lori la vyuma chakavu, miguu juu, na wewe hata dirishani hukuchungulia. Loo, pamoja na utumishi wote ule! Ombi langu nalifuta. Umashine wenu sitaki. Mimi ni mtu, nimeumia kazini kwenu, na fidia yangu naidai nikiwa mtu. Sisaini kitu. Jumatatu tutaonana mbele ya ofisa wa kazi, na zamu nzima inakuja kutoa ushahidi.