Kondoo wa Blanketi la Mashine

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa nne tangu niondoke nyumbani. Niliaga kwa mwaka mmoja. Asubuhi napakua maboksi ghalani, mchana nachapa picha karakanani: nabandika matambara, kamba na mchanga kwenye kadibodi, napaka wino, napitisha kwenye mashine. Niliapa mbele ya wakwe kwamba sirudi mpaka kazi yangu itundikwe ukutani. Mke wangu kapiga simu. Anasema kila nikiongea na kitinda mimba wetu, akishaweka simu huuliza yule mjomba ni nani. Nikamwambia avumilie. Jumamosi Mama Karakana, mwenye karakana yetu, anachagua picha ya maonyesho. Moja tu!

Mpinzani wangu ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Nilimpokea mwenyewe, nikampa godoro, nikamfundisha kupaka wino. Leo kasema kondoo wa picha yangu anafanana na gunia. Ni gunia kweli, ila hakuna aliyemuuliza.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni mali. Kondoo anataka sufu. Sufu iko wapi? Kwenye mashine! Lile blanketi nene linalofunika karatasi ili rola ikandamize sawasawa. Nimekata kipande cha pembeni, ukubwa wa kiganja. Blanketi lote lile, nani ataona? Kondoo nimembandika juu, kulia. Mnene. Shemeji kamtazama, karudi kwenye kadibodi yake. Wivu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechapa. Malisho yametoka. Ua umetoka. Kondoo hakutoka! Weupe mtupu. Pale blanketi lilipokatwa rola haikandamizi, na pale pale ndipo alipokaa kondoo. Nimelaumu wino.

Jioni Mama Karakana kaliona tundu, kauliza nani kafanya hivi. Nikasema panya. Kanunua mtego, kaniteua niusimamie. Cheo cha kwanza tangu nifike huku.

Jumamosi, 8 Machi
Kumbe na shemeji alichapa juzi, kwa blanketi lile lile. Mwanamume kaketi juu ya boksi, shati la ghalani, kichwa hana! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama Karakana hakucheka. Kafuta miwani, kasema hivi ndivyo mtu anavyofutika akikaa sana mbali na watu wake. Kaichagua. Kamuuliza shemeji huyu ni nani. Shemeji kaninyooshea kidole. Kasema alitaka mtoto wangu aijue sura ya baba yake.

Nikaenda kukagua mtego.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kamtumia dada yake picha. Mke wangu kapiga. Anasema mtoto kaitazama, kauliza mjomba kichwa kakiacha wapi. Anasema kile kiapo wakwe walishakisahau siku ile ile. Nirudi tu, nije na kichwa, picha niwe nazo au nisiwe nazo. Alisema polepole, bila kugomba. Nusura nikubali.

Lakini nimefikiri. Siri ni tundu! Shemeji kabahatisha kwa tundu la kiganja. Mimi, kwa maonyesho ya mwezi wa sita, nitakata la sahani, katikati kabisa. Blanketi jipya linafika kesho, na panya bado hajanaswa. Hawezi kunaswa; msimamizi ni mimi.

Nimemjibu mke wangu kwa ujumbe. Amwambie mtoto ajiandae: mjomba anakuja mwezi wa saba.