Kaseti Iliyoandikwa Tupu

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimeamua. Mwaka huu Songea inapata mwanaroki wake. Albamu ya kwanza, nyimbo nane, studio kabisa! Si kuimba kwenye harusi huku watu wanagombania pilau. Tangu nipunguzwe kazi ya ukarani nimekuwa mtu wa kuulizwa unafanya nini siku hizi. Basi watasikia. Jina la jukwaani: Saimon Radi. Koti la ngozi nimelipata mitumbani, mkono mmoja mfupi kidogo. Nitakuwa naukunja.

Gita atapiga Kajetani. Mwingine hakuna. Nimemkuta kwao Mjimwema amejifunika mablanketi mawili saa sita mchana. Amekonda. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikamwambia ni baridi ya Julai tu, hata mimi napiga chafya. Akacheka. Akasema atapiga, ila kwa sharti moja: jina lake liandikwe kwenye jalada kwa herufi kubwa, mama yake alisome bila miwani. Nikaapa kwa Mungu. Herufi kubwa tu? Nilidhani ataomba gita jipya.

Jumatano, 3 Julai

Studio ni chumba cha nyuma cha Mzee Otto, fundi redio wa Majengo anayerekodi kwaya. Ukutani trei za mayai, dirishani godoro, eti kuzuia kelele. Trei nyingine bado zina manyoya. Nikatoa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho kwenye waya. Akaeleza kwamba tutapiga wote kwa pamoja na sauti itaingia moja kwa moja kwenye kaseti. Ukikosea, unarudia wimbo mzima.

Goodluck naye alikuwepo. Baba yake ni afisa, walihamia hapa kutoka Moshi. Ana kinanda cha umeme, meno yote yapo, na anaimba nyimbo za kubembeleza. Akaniuliza hali ya Kajetani. Nikajua ananusa siri za albamu. Nikamjibu mzima kama chuma.

Jumamosi, 6 Julai

Tumerekodi! Kajetani nilimpakia kwenye baiskeli, gita mgongoni. Mlimani nilishuka nikasukuma. Alikuwa mwepesi, sikupenda jinsi alivyokuwa mwepesi.

Ngoma zilitoka kwenye kinanda cha Goodluck, alichokileta bila kuombwa. Anataka kuandikwa kwenye jalada. Thubutu!

Baada ya kila wimbo tulisubiri Kajetani akohoe. Umeme ukakatika mara tatu. Mara ya pili tulikuwa katikati ya wimbo wa tano, nikamgombeza yeye, maana umeme huwezi kuugombeza. Alikuwa anafuta jasho kwenye gita kwa shati lake.

Wimbo wa nane ni wake. Aliutunga kuhusu mama yake anavyopalilia mahindi kule Mshangano akiwa na mtoto mgongoni. Akauimba mwenyewe, amekaa juu ya kreti la soda. Mzee Otto akavua kofia. Goodluck akatoka nje. Mimi nikagundua jambo baya sana: Kajetani anaimba kuliko mimi. Afadhali wimbo wenyewe uko mwisho wa upande wa pili, watu watakuwa wamekwisha kuzima redio.

Otto akaniambia nivunje vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Ukishavivunja, mtu hawezi kurekodi kitu kingine juu yake. Akataka pia abaki na nakala. Nakala! Leo iko kwa Otto, kesho inauzwa stendi. Nikakataa. Kuhusu vijino nikasema ndiyo, mzee. Sikuvunja. Kaseti nzuri namna ile, ukiivunja umeiua. Na ili wezi wasiitamani, nimeandika juu yake kwa wino: TUPU. Nani ataiba kaseti tupu? Wakati mwingine najishangaa kwa akili.

Jumanne, 9 Julai

Picha ya jalada. Kajetani hakuweza kusimama, kwa hiyo alikaa juu ya meza, mimi nikasimama mbele yake kidogo. Imetoka vizuri sana upande wangu. Yeye macho yamemtoka, anatisha wateja. Nikamkata kwa mkasi. Umebaki mkono wake tu, ameuweka begani kwangu. Haukatiki bila kukata bega.

Jumapili, 14 Julai

Kajetani amelazwa. Nilimkuta mama yake, Mama Lidwina, anamlisha uji kwa kijiko, kijiko kimoja kwa Salamu Maria moja. Kajetani akaomba nilete kaseti waisikilize, yeye na mama. Nikamweleza kwamba kaseti mama, ile ya kunakilia, haichezwi ovyo, inalika. Asubiri za dukani, zenye jalada. Akauliza kama jina lake limo. Nikasema limo. Halikuwemo bado. Akaniuliza kama ni kubwa. Nikasema kubwa, Kajetani, kubwa kabisa.

Kaseti ilikuwa mfukoni mwa koti muda wote ule. Na redio ya mgonjwa wa jirani ilikuwa na betri.

Jumatano, 17 Julai

Kajetani amefariki jana saa tisa alasiri.

Alhamisi, 18 Julai

Tumezika. Asubuhi vijana tulichimba kaburi, ardhi ngumu. Niliacha koti nyumbani kwa Mama Lidwina, nikachimba nikiwa na shati tu. Watu wananong'ona juu ya ugonjwa wake. Nilitamani kumpiga mtu kwa jembe.

Kaka yake mkubwa, Egidi, yuko Mwanza, hakuwahi basi. Kwa hiyo mazishi yalirekodiwa ili atumiwe, kama watu wanavyofanya siku hizi. Goodluck alileta redio kaseti yake akaishika mwenyewe kuanzia nyumbani mpaka kaburini, kajifanya mfiwa. Sikukubali anipite. Walipoomba neno la marafiki nikasogea karibu kabisa na redio ili sauti yangu iingie vizuri. Nilisema dakika ishirini. Nilimtaja Kajetani kama msaidizi wangu mwaminifu. Katekista alikohoa mara mbili, nikadhani ni uchungu. Mwisho nikalia kwa nguvu. Kulia kwenyewe kulikuwa kwa kweli. Sikutegemea.

Ijumaa, 19 Julai

Mungu wangu. Mungu wangu!

Mama Lidwina aliniita nisikilize kaseti kabla haijatumwa. Nikakaa mkekani. Wanawake wanaimba. Padri anahubiri. Halafu mimi, mimi, Mama akaigeuza upande wa pili, bado mimi. Halafu ikalia ka! Betri za Goodluck ziliishia pale. Na baada ya hapo likaingia gita.

Nililijua lile gita. Nikaitoa kaseti, nikaigeuza. TUPU, kwa mwandiko wangu.

Nyimbo saba zimekufa. Umebaki ule wa nane, dakika nne, na kikohozi chake mwishoni. Mama Lidwina hakujua lolote kuhusu albamu iliyofutika. Aliweka viganja vyote viwili juu ya redio kana kwamba anaota moto, akamwita mwanawe kwa Kingoni. Akaniuliza alimwimbia lini. Akanishukuru mimi. Mimi!

Kisha nikamfuata Goodluck nimvunje yale meno. Akasema walikosa kaseti, duka limefungwa, Mama akasema tazameni kwenye koti la Saimon, yeye ni mtu wa muziki. Akaona TUPU. Alikuwa analia huku anaeleza. Akaniuliza ni nani aliandika neno lile. Nikaondoka.

Jumamosi, 27 Julai

Wiki nzima sikuandika. Leo nimepata nguvu, na nimepata wazo.

Mama Lidwina amenipa kaseti niipeleke kwa Otto atoe nakala mbili, moja ya Egidi, moja yake. Anataka kuusikia wimbo kila siku kabla ya rozari. Otto akasema mtambo umeharibika, nirudi Jumatatu. Alipoiona kaseti akaniambia nivunje vijino hapo hapo mbele yake. Nikasema ndiyo, mzee, nitavunja nyumbani, kwa utulivu.

Sasa wazo. Wimbo mmoja unatosha! Nitaingiza sauti yangu juu ya ile ya Kajetani, tuwe wawili. Jalada ni picha ile ile, na mkono begani watu watauliza ni wa nani, hiyo ni biashara. Jina lake litakaa nyuma. Mbele nafasi hakuna, nimeongeza langu: Saimon Radi wa Ruvuma. Kajetani angeelewa. Mama yake nitamnunulia miwani.

Mama alikuwa ameandika MAZISHI kwenye kaseti. Hapana, hilo linavuta macho, na wezi ni wengi. Nimelifuta, nimeandika TUPU, nimeirudisha mfukoni mwa koti. Vijino bado vipo. Kuvunja ni dakika moja, haina haraka.

Kesho kuna ubatizo Mshangano, Goodluck anakwenda kurekodi, ameniomba tufuatane. Anataka tupatane. Nimekubali. Nitavaa koti, kule kuna baridi.