Hajira na Ukame wa Nyumba za Walimu

Newala,
14 Septemba, 1994.

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule.

Mzee Bartholomayo, shikamoo. Niitikie marahaba hapahapa juu, maana ukifika chini sijui kama utakuwa na moyo huo.

Barua yenu nimeipata. Mnasema Jumamosi mtakaa kuamua kama binti yangu Hajira, asiyesikia tangu homa ilipomkamata akiwa na miaka minne, aendelee na darasa la tatu au arudi nyumbani. Mmeniomba maoni. Mimi niliishia la saba, lakini nimeyaandika, mdogo wake akinivuta kanga. Naafiki afukuzwe. Makosa yake ni mazito kuliko mlivyoyataja.

1. Anamtazama mwalimu. Wenzake themanini na tisa hutazama dirishani, na Mwalimu Dunstan alikwishazoea raha hiyo. Hajira anamkodolea macho midomoni kengele hadi kengele, inambidi mwalimu awe anasema kitu. Akigeukia ubao, binti anainuka kumfuata. Kumlazimisha mtu mzima kufundisha kutwa, kwa mshahara ule, ni uonevu.

2. Anaambukiza. Kule kuongea kwa mikono tulikokutunga mimi na yeye jikoni, sasa ni kwa darasa zima. Wanaazimana kalamu, wanaulizana hesabu, wanamsengenya hata mwalimu (alama yake ni kitambi, mnisamehe), na sauti haitoki.

3. Hapa ndipo penye msiba. Utaratibu unaujua, Mzee: kiranja Mujibu anaandika majina ya wapiga kelele, na wapiga kelele wanashuka bondeni na ndoo kujaza mapipa ya walimu. Bomba letu nalo unalijua, linakohoa tu. Tangu darasa lijue mikono, karatasi ya Mujibu inatoka nyeupe. Hakuna kelele, hakuna mkosaji. Hakuna mkosaji, hakuna maji. Wiki ya tatu sasa Mwalimu Dunstan anaoga kwa kikombe. Aliniambia mwenyewe sokoni, mbele za watu: "Mama Hajira, darasa langu si hospitali." Nikamwambia kweli Mwalimu, hospitali mgonjwa hatumwi maji.

4. Mmenikumbusha kwa upole kwamba shule ya viziwi ipo. Ipo, safari ya siku mbili, kama mvua haijakata barabara. Mkasema siku hizi ni soko huria, kila mtu aifuate huduma iliko. Basi na walimu wayafuate maji yaliko. Hilo limeniponyoka, na silifuti kwa kuwa karatasi ninayo hii moja.

Kwa hiyo naomba kwa heshima: mfukuzeni Hajira. Halafu wafukuzeni na wale themanini na tisa, maana wamekwishaambukizwa utulivu. Mwalimu Dunstan abaki na madawati, apige kelele mwenyewe, Mujibu amwandike, ashuke bondeni.

Nisalimie mama wa hapo nyumbani, wajukuu, na wanakamati wote mmoja mmoja. Mwalimu Dunstan mpe pole ya kiu.

Ni mimi mwanao,
Sijaona Fakihi (Mama Hajira).

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua, Hajira akaingia na karatasi ya Mujibu mkononi. Ina jina moja: Hajira Mrisho, kupiga kelele. Chaki ilimponyoka mwalimu ikatumbukia kwenye chai yake, binti akacheka kwa sauti yake ile asiyoijua ukubwa, hata darasa la sita wakachungulia. Adhabu: ndoo mbili, kama mtoto yeyote. Nimeisoma karatasi hiyo mara tatu, Mzee, na sikuona vizuri ile ya tatu. Maoni yangu yote ya hapo juu yachaneni. Aliyeandikwa kwa kelele za darasa ni wa darasa. Jumatatu maji atayaleta, na nafasi yake kwenye dawati asikae mtu.