Bibi Harusi wa Karakana

Jumatatu moja, saa tatu kamili asubuhi, Idara ya Mali za Umma Zenye Magurudumu ilitangaza kwamba imemaliza tatizo la kiinua mgongo. Mstaafu hatasubiri tena fedha miaka mitatu. Atapewa mali ya serikali yenye thamani ya jasho lake, aondoke nayo siku hiyohiyo. Mkurugenzi alisoma tangazo mwenyewe, akanywa maji, akalisoma tena kwa ajili ya waliochelewa.

Fundi mkuu wa karakana, ambaye wenzake humwita Mzee Spana, alikuwa amekaa mstari wa nyuma. Alikuwa amebakiza wiki kumi na moja astaafu. Nyumba yake ilikuwa na kuta nne, milango miwili na mbingu. Mkewe alishahesabu mabati yanayotakiwa, akahesabu mpaka misumari.

"Wa kwanza kunufaika," Mkurugenzi akasema, "ni fundi wetu mpendwa. Atapewa lile gari jekundu."

Watu wakapiga makofi. Wengine waliinama wakijifanya wanafunga kamba za viatu, ili wacheke vizuri.

Gari jekundu lilijulikana karakana nzima kwa jina la Bibi Harusi, maana kila siku lilipambwa na halikwenda popote. Lilikuwa gari la mbio, viti viwili, umri miaka thelathini na moja, lililokamatwa kwa mfanyamagendo mmoja. Lililetwa juu ya lori pamoja na tela lake lililojaa mabati, na gari na tela vikawekwa uani. Tangu hapo halikutoka, kwa sababu tumbo lake lilikuwa chini mno na getini palikuwa na tuta refu, lililojengwa kwa amri ya Mkurugenzi ili kukuza nidhamu ya mwendo.

Utasema, si wangeliuza? Walilipiga mnada mara saba. Lakini Mkurugenzi alikuwa na kanuni aliyoitunga mwenyewe na kuitundika ukutani kwenye fremu: fedha ya umma ikiingia kwenye gari haipotei, inageuka thamani. Gari lilianza na milioni kumi. Kila pampu, kila breki iliongezwa juu yake, hata kwenye vitabu vya hesabu likafika milioni thelathini na nane. Mnadani, aliyetoa bei kubwa kuliko wote alikuwa mwenye baa, milioni tatu, alitaka kuliweka mlangoni wateja wapige picha. Alikataliwa kwa kudhalilisha mali ya taifa. Kisha gari likarudishwa karakana litengenezwe ili liuzike, na kwa kutengenezwa likazidi kupanda bei.

Kiinua mgongo cha Mzee Spana kilikuwa milioni arobaini. Mbili zilizobaki angepewa taslimu.

Jioni alimweleza mkewe, aliyekuwa akikunja nguo.

"Lina viti vingapi?"

"Viwili."

"Sisi tuko saba. Mvua ikinyesha tutaingia kwa zamu?"

"Ni maagizo, mama watoto."

"Umelitunza miaka kumi na moja, baba. Linakula nini?"

Mzee Spana aliona uchungu kujibu. Lingekula mafuta tu, afadhali. Gari lile lilikula hata likiwa limelala. Mkanda wake wa injini huchakaa hata gari lisiposogea hatua moja, na kuubadili ni mpaka uteremshe injini nzima. Mkanda wenyewe huagizwa ng'ambo, na huko wanaoutengeneza wamebaki wachache na wanajua kwamba wamebaki wachache. Ukilinunua kwa milioni tatu, litakudai nane kabla hujaliwasha.

"Linakula mabati," akasema.

Asubuhi alikichukua kijitabu cha utaratibu mpya akakisoma chote, jambo ambalo hata mwandishi wake hakuwa amelifanya. Ukurasa wa nne ulisema mstaafu hapewi mali inayozidi stahili yake. Akaenda kukagua mkanda. Ulikuwa umepasukapasuka kweli. Mzee Spana hajawahi kusema uongo juu ya gari, na hakuanza siku hiyo.

"Mheshimiwa, mkanda umekwisha. Milioni nane."

Mkurugenzi akatabasamu kama mzazi aliyeambiwa mwanawe amefaulu. "Kwa hiyo tunafika arobaini na sita. Lete nisaini." Kila mwaka alipewa cheti cha kukuza thamani ya mali za umma, na ukutani bado palikuwa na nafasi.

Hivyo fundi akatoka kwenye orodha. Gari likamwangukia anayemfuata kustaafu, mhasibu, mwenye stahili ya milioni hamsini. Kesho yake mhasibu alishuka karakana kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akakanyaga oili kwa viatu vya ngozi.

"Mzee wangu, hizo tairi zina miaka mingapi?"

"Tisa."

"Si hatari kwa umma?"

"Ni hatari kwa atakayepewa."

"Andika. Nitapitisha mwenyewe leo."

Akafuata mkuu wa utumishi, analalamikia klachi. Naye naibu mkurugenzi alisikia giaboksi inakwaruza akiwa ghorofa ya tatu, gari likiwa limezimwa. Wote walikuwa na haki, gari la umri ule ukilichungulia hukosi kitu. Vitabu vikafika milioni tisini na moja. Kwenye mnada wa nane, mwenye baa akashuka mpaka mbili na nusu.

Stahili ya milioni tisini na mbili ilikuwa ya mtu mmoja tu. Naye ni Mkurugenzi, aliyekuwa akingoja kuongezewa mkataba. Ikaja barua: wizara inampongeza kwa kujiandalia pensheni yenye thamani, na inamtakia mapumziko mema.

Fundi na Mkurugenzi walistaafu Ijumaa moja. Mzee Spana alipewa tela la mabati, maana tela lina magurudumu, na salio taslimu. Lori la kukodi lililivuta likapita tutani taratibu, likamngoja nje, mkewe ameketi mbele. Nyuma yake akaja Mkurugenzi ndani ya Bibi Harusi, na mkewe amekumbatia mkoba. Injini ilinguruma vizuri kabisa. Kisha tumbo likakaa juu ya tuta, magurudumu yakazunguka bure.

"Spana, fanya kitu."

"Gari ni zima, mheshimiwa. Tatizo ni tuta."

"Basi libomoe."

"Tuta halina magurudumu. Ni idara nyingine."

"Wewe si fundi?"

"Nimestaafu saa nne."

Hata hivyo mazoea yana tabu. Mzee Spana aliinama, akachungulia uvunguni.

"Halafu linavuja oili."

Mkurugenzi akashika kichwa. "Itanigharimu kiasi gani?"

"Usiite gharama, mheshimiwa," Mzee Spana akasema, akipanda lori. "Hiyo ni thamani."