Chupa Yangu ya Uji Haina Kosa

Jumatatu, 3 Julai 1995
Aibu ya Bariadi nzima! Marcelo wangu kapungua uzito. Kliniki, mbele ya kina mama wote! Na Sayi, mtoto wa jirani yangu Nyanjige, kanenepa mpaka suruali ya mzani inamkaba. Sayi, anayekunywa uji mweupe! Wangu ni wa karanga, maziwa na siagi. Napika alfajiri, namimina kwenye chupa ya chai ya maua mekundu, anakunywa mpaka jioni. Soko huria limetuletea chupa hizi. Nyanjige hana. Mtoto akilia, anapuliza kuni.
Nesi Felisita akauliza kama Marcelo anaharisha. Kidogo. Mara ngapi? Nikamwambia mimi si karani wa choo.

Jumanne, 4 Julai
Nesi kanifuata nyumbani! Kafungua chupa, kanusa, kakunja uso. Ati uji vuguvugu kutwa nzima ni zizi la vijidudu. Ati vinatoa sumu. Ati utumbo mwembamba una vinyweleo laini kama taulo, ndivyo vinavyofyonza chakula kiingie kwenye damu. Sumu ikivichakaza, karanga zinapita tu, mtoto anabaki na njaa tumbo likiwa limejaa.
Nikamwambia, mayu, mama yangu, ukoo wetu hauna vipara, si nje wala ndani.
Hakucheka. Akasema nipike kidogo kidogo, anywe papo hapo, la sivyo nitampoteza mtoto. Nyanjige, uani kwake, kausimamisha mchi hewani ili asikie vizuri.

Alhamisi, 6 Julai
Nina akili mimi! Vijidudu si vinaogopa moto? Uji wa chupa nikaurudisha jikoni, ukatokota, nikaurudisha kwenye chupa. Marcelo kanywa. Kaharisha maji matupu.
Nikamkimbiza kliniki. Nesi akasema vijidudu hufa, ila sumu nyingine haifi kwa moto. Kampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Macho ya mwanangu yamezama. Nilimwita, akaniangalia kama mgeni. Siandiki zaidi leo.

Jumapili, 9 Julai
Mume wangu Bundala kaondoka na chupa! Kapeleka pamba Lalago, wanunuzi binafsi wamejaa, foleni ndefu, anataka chai ya moto. Sikuulizwa! Sasa Marcelo akilia, napuliza kuni. Mimi! Nyanjige kanisalimia: Mwangaluka, mayu, leo moshi wako unanukia. Nikakohoa tu.

Jumatatu, 31 Julai
Kaongezeka! Marcelo kaongezeka, kaupiga mzani teke! Nimepiga vigelegele mpaka mbuzi wa kliniki wakakimbia. Nesi akasema, unaona, mayu, uji wa papo hapo umeuponya utumbo. Maskini, kasoma bure. Uji wa chupa ulikuwa unajipanga tumboni, sasa ndiyo umeanza kazi.
Bundala karudi. Kavunja chupa! Kabla sijafungua mdomo, kanitolea nyingine, ya lita tatu. Mwanamume huyu ananipenda. Nimeshapika. Uji wa leo, wa kesho na wa keshokutwa umo ndani, vuguvugu. Nyanjige abaki na moshi wake.