Nyemo Kaniomba Nafasi Mara ya Pili

Leo nimejianika mwenyewe mbele ya wakulima wa zabibu wa Hombolo. Wa kulaumiwa nawataja. Wa kwanza ni Elia, mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo.

Asubuhi tunachuma, akaniambia huenda dunia hii si yenyewe. Eti watu watakaokuja watakuwa na kompyuta kubwa mno, watachezesha upya maisha ya sisi wahenga wao, mara elfu na elfu. Maisha halisi ni mara moja, nakala ni nyingi. Kwa hiyo yaelekea sisi ni nakala.

(Nimeishia darasa la nne, lakini mjinga siyo.) Nikamuuliza nani kahakikisha mashine inaweza kusikia njaa.

"Hilo wanalichukulia tu, shangazi."

Na hao wajao, na shughuli zao zote, watutakie nini?

"Na hilo wanalichukulia."

Nikacheka. Nyumba nzima imejengwa juu ya "tuseme".

Saa nne tuko kwenye banda la mizani, tunasubiri kupimiwa zabibu. Nimekaa kwenye benchi, nimenyoosha mguu wangu wa vyuma. Nyuma yangu sauti: "Naomba unisogezee kidogo, nikae."

Nikageuka. Nyemo.

Nyemo rafiki yangu, tuliyemzika miaka ishirini na mbili iliyopita, lori la mnadani lilipopinduka. Pengo lile lile la mbele. Maneno yale yale aliyoniambia siku ile tumepanda lori. Na mpimaji Yohana (wa kulaumiwa wa pili) akaita, "Nyemo, mzigo wako," na yule akaitika. Nikajua wanachezesha upya, na wameshafika kwenye lori.

Nikapiga magoti, na huo mguu.

"Nyemo, nisamehe. Nafasi ilikuwepo. Nilikufukuzia kule nyuma kwa sababu ya kikapu changu."

Miaka yote nimemtangaza dereva Madeje kuwa ndiye aliyempanga nyuma. Madeje alikuwa hapo hapo kwenye mizani. Akatua ndoo yake chini.

"Shikamoo, mama," yule binti akasema taratibu. "Huyo alikuwa shangazi yangu. Mimi nimezaliwa baadaye, Mpwapwa, nikapewa jina lake."

(Kwetu jina la marehemu haliachwi lilale. Nalijua hilo tangu utotoni. Kompyuta ya Elia ikanisahaulisha.)

Binti bado amesimama. Nikatazama benchi. Pembeni ya pale nilipokuwa nimekaa, kikapu changu.

Mkinikuta njiani msinicheke. Nakala au si nakala, kikapu nilikiweka mwenyewe, mara zote mbili.